Jibu: Injini ya petroli inagonga mlimani baada ya kubadili kituo cha mafuta
Habari, ndugu. Umeeleza kwamba injini inagonga kila unapopanda mlima tangu ulipobadili kituo cha mafuta, na kwamba plagi mpya hazikusaidia. Kabla fundi hajafungua chochote, dondosha tone la petroli hiyo kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto, kando ya tone kutoka kituo unachokiamini: petroli safi huruka upesi, ilhali iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huacha doa linalokawia kukauka.

Kisha chomoa stiki ya oili uinuse. Magari ya namna hii niliyoyashughulikia yalikuwa na plagi zenye masizi na oili yenye harufu ya mafuta, kwa sababu mafuta ya taa yana oktani (kipimo cha uwezo wa mafuta kutojilipukia) ndogo mno, hivyo sehemu ya mchanganyiko hujilipukia kabla ya moto wa plagi kuifikia, na kile kizito kisichogeuka mvuke huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ikinuka, imwage pamoja na petroli hiyo, usisubiri.

Doa peke yake si ushahidi. Kama uko Tanzania, tunza risiti na uwaarifu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambao mwaka 2010 walianza kutumia vinasaba, yaani alama ya siri inayotiwa kwenye mafuta halali, kugundua uchakachuaji.