Pete Nilizozibandika Bila Kuzitoboa

Kijana mmoja wa Bagamoyo ameniandikia kwamba amepata kazi ya kuvika kitambaa kipya mabawa ya ndege ya zamani, anauliza aanzie wapi. Mdogo wangu, anzia kwenye bawa nililoliharibu mimi.

Ilikuwa hapa Tanga, ndege ni Piper Super Cub, ndege ndogo yenye mabawa yaliyovikwa kitambaa. Kitambaa nilikipiga pasi kikakaza kama ngoma, rangi iking'aa mpaka watu wakaja kupiga picha. Sifa zile zilinilevya. Zile pete ndogo za plastiki zinazogundishwa chini ya bawa, ili kitambaa kitobolewe katikati yake maji yatoke, nilizibandika zote, lakini upande wa kushoto, karibu na kiwiliwili cha ndege, sikuzitoboa. Pete isiyo na tundu ni pambo tu.

Masika ikaingia. Siku tunaisukuma ndege nje, nikasikia bawa linasema chwaa, kama dumu lililojaa nusu. Nguvu ziliniisha. Mkubwa wangu wa kazi aliniita "fundi rangi" mbele ya vibarua. Neno lile linaniuma hadi leo.

Tulipochana kitambaa, boriti ya alumini, ule mhimili mrefu unaobeba bawa, ilikuwa na unga mweupe, na pale inapogusana na vyuma ilikuwa imeliwa vishimo vishimo. Alumini na chuma vikikutana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa, na upepo wetu wa bahari huleta chumvi ya kuharakisha.

Sasa sikiliza. Super Cub ina gurudumu la mkiani, hivyo ikiegeshwa pua inakuwa juu. Ncha za mabawa nazo zimeinuka kidogo. Maji yote hukimbilia ukingo wa nyuma, shinani mwa bawa, pale linapoungana na kiwiliwili. Toboa hapo kwanza, halafu kila nafasi kati ya ubavu na ubavu, zile fremu za ndani zinazolipa bawa umbo. Tumia ncha ya moto ya kulehemia risasi ili nyuzi ziyeyuke zisifumuke. Kisu weka mbali. Kabla ya kitambaa, paka praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kila kiungo. Na zile nguzo za chuma zinazoshikilia bawa huoza kwa ndani, upande wa chini, huku nje zikipendeza. Zikague.

Ndugu zangu mnaotaka kuitwa mafundi wa ndege, acheni kupenda kung'aa! Toboeni. Mkishatoboa, rudini mkague, maana nyigu hujenga udongo humo ndani na tundu likaziba tena.

Na wewe wa Bagamoyo, nitumie picha ya upande wa chini wa bawa kabla hujapaka rangi ya mwisho. Nitayahesabu matundu moja moja.