Kipepeo hakutokana na pepo

Kuna aliyesema kwamba kipepeo, yule mdudu, aliitwa hivyo kwa sababu ya pepo. Hapana, jina halikutoka huko, ingawa hata mimi nikikua Nakuru tulikatazwa kumshika, eti ni roho ya mtu. Jina limetoka kwenye kitenzi pepea. Weka ki- mbele, geuza a ya mwisho iwe o, basi. Ni njia ileile ya fagia kuzaa kifagio, funika kuzaa kifuniko, ziba kuzaa kizibo. Mdudu anayepepea.

Nilikaa Mombasa miaka minne, na pale mama mwenye nyumba alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nipe hicho kipepeo," akimaanisha kile cha kupepea jiko, kimesukwa kwa ukindu na kina mpini. Huku kwetu wauza mahindi ya kuchoma stejini hutumia kipande cha katoni, ndiyo maana wengi hatujui kwamba neno lina maana mbili. Sarufi ndiyo huzitenganisha: kipepeo huyu ni mdudu, kipepeo hiki ni cha jikoni. Wingi wote ni vipepeo, ila wadudu ni hawa na vyombo ni hivi.

Tahadhari moja tu: pepo, upepo, pepea na peperuka ni ukoo mmoja, shina lake la Kibantu linahusu kuvuma kwa upepo. Kwa hiyo aliyesema pepo hakupotea sana, ameshika binamu akamwita baba.