Kabla Hujawasha Kamera kwa Watu Wanaoogopwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bukavu aliniandikia: "Kaka, nataka kufanya filamu juu ya watu ambao jirani wote wanawaogopa. Nianzie wapi?" Alinitonesha kidonda.

Filamu yangu ya kwanza ilihusu familia moja ya Wakitawala, wafuasi wa dini ya Kitawala, upande wa Masisi. Sisi wa Goma tumekua tukisikia kwamba hao ni wachawi, hawapeleki watoto shule, wanakataa chanjo, hata kadi ya mchaguzi hawana, na kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Nilipanda huko na maswali ya mtaani: kwa nini mnakataa hospitali? Kwa nini mnakataa serikali? Mzee alinijibu kwa upole, maneno machache. Baada ya siku nne nilishuka, nikiamini nina filamu.

Siku ya kuionyesha, ukumbi mzima ulicheka mzee aliposema hajawahi kushika kadi. Kijana wake alikuwa ameketi mstari wa tatu, mimi mwenyewe nilimwalika. Alitoka kabla taa hazijawashwa. Mpaka leo naona mgongo wake.

Nilirudi kuomba radhi, mikono mitupu. Nikakaa wiki mbili, nikalima nao maharage, nikala bugali na sombe. Usiku mmoja mzee alianza kusimulia bila kuulizwa. Mahubiri ya Watch Tower, yale ya Mashahidi wa Yehova wa leo, yaliingia Kongo kupitia Katanga katika miaka ya 1920, yakitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na jina Kitawala linatokana na neno hilo "Tower", ingawa wengi wetu tunasikia tu "kutawala". Wabelgiji waliipiga marufuku. Mwaka 1944 Bushiri, kiongozi wa Kitawala, aliongoza uasi huku kwetu Kivu, ukazimwa kwa damu. Babu wa mzee alikamatwa baadaye, akapelekwa kambi ya mbali, hakurudi. "Walianza kwa kuandika majina," mzee aliniambia. Basi, kadi ile iliyochekesha ukumbi! Jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, mimi sikuwa nimekaa vya kutosha kulipata.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kaa kwanza. Acha kamera ndani ya mfuko. Usifungue filamu na shitaka la jirani, maana mtazamaji akishacheka hasikii tena. Fungua na shamba, na jiko, na namna baba anavyomwita mtoto wake. Tena kaa, hata wakati wa mafuta na betri unakubana. Mtu aliyekupa uso wake hukumpa chochote bado.

Sisemi ufiche mabaya. Juu ya chanjo mimi na mzee hatukukubaliana, na mabishano yetu yamo ndani ya filamu ya pili, yeye akisema yake yote, mimi yangu. Surua inaua watoto, siwezi kunyamaza. Lakini niliuliza nikiwa nimeshakula kwake.

Filamu hiyo waliiona wao kwanza, juu ya shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, na jenereta ya kukodi. Kijana wake alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nitoe sehemu moja tu, ile mama yake analia. Niliitoa usiku uleule.