Jedwali Lipo, Programu Yasema Halipo

SWALI: Nimeandika programu inayotunza kumbukumbu zake kwa SQLite, mfumo wa hifadhidata unaoweka data katika faili. Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri, lakini nikiiwasha kwenye seva naambiwa kwamba jedwali la wateja halipo, ingawa nimelifungua faili mwenyewe nikaliona jedwali hilo na data zake zote. Nimekwisha kuandika upya maagizo yote ya SQL, lugha ya kuiagizia hifadhidata, bila mafanikio. Kosa liko wapi?

JIBU: Usiandike upya chochote tena, kwani huenda SQL yako haina dosari. Ujumbe huo unasema kweli, ila juu ya faili usilolidhania. SQLite ikiagizwa kufungua faili lisilokuwepo, kwa kawaida hailalamiki, bali huunda jipya lililo tupu. Kwa hiyo, ikiwa katika mipangilio umeandika jina la faili peke yake bila njia kamili, yaani bila kutaja folda zote za kulifikia, nayo seva inaiwasha programu kutoka folda nyingine, hifadhidata mpya isiyo na jedwali hata moja huundwa humo, nawe unabaki kuhangaika na jedwali ilhali kilichokosewa ni njia.

Iagize programu yenyewe, wala si chombo kingine, itekeleze agizo la SQLite liitwalo PRAGMA database_list. Itakuonyesha faili ililolifungua. Kisha andika njia kamili, na ufungue hifadhidata kwa mode=rw, hali isiyoruhusu kuunda faili jipya, ili njia ikikosewa tena uambiwe kuwa faili halifunguki.

Wanaotumia PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, hunaswa vivyo hivyo: jedwali limo katika skima (kundi la majedwali ndani ya hifadhidata) ambayo haikutajwa kwenye search_path, orodha ya skima zinazotafutwa, na jibu linalorudi ni kwamba halipo. Kwa MySQL, nayo ni mfumo wa hifadhidata, jedwali lililoitwa Wateja huitikia jina wateja kwenye Windows, lakini kwenye Linux, kwa mipangilio ya kawaida, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti.

Hitilafu za nenosiri nazo zinastahili kusomwa hadi neno la mwisho. Kosa namba 1045 la MySQL likiishia kwa maneno «using password: NO», maana yake programu haikutuma nenosiri lolote, na mara nyingi ni kwa sababu faili la mipangilio halikusomwa kabisa; kwa hiyo kubadilisha nenosiri kwenye seva hakutasaidia. PostgreSQL, kwa upande wake, humficha anayejaribu kuingia sababu halisi kwa makusudi: hata jina la mtumiaji likiwa halipo, husema tu kwamba uthibitishaji wa nenosiri umeshindwa, ili mvamizi asijue majina yapi ni ya kweli. Sababu hiyo huandikwa katika kumbukumbu za matukio ya seva (log), na inanisikitisha kuona watu wakihangaika siku nzima bila kuzifungua.

Kwa shida yako, itafute kwanza ile folda ambamo seva huiwashia programu. Ukikuta humo faili lenye jina la hifadhidata yako na ukubwa wa baiti 0, hilo ndilo lililokuwa likijibu. Lifute baada ya kurekebisha njia.