Kabla hujanunua diski zenye matundu, kabadilishe breki fluidi kwanza

Mi nilianza kwa kukosea, tena kosa la hela. Nina Subaru Impreza WRX, ile yenye kalipa (kibano cha breki) za pistoni 4 mbele na diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) za milimita 294, ndo gari yangu ya kila siku hapa Uingereza, na nilipoanza kwenda kuikimbiza Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari, kila mtu akawa ananiambia anza na breki, anza na breki. Sawa. Kumbe mi nikisikia breki nawaza kile kinachoonekana ukiwa umesimama nje ya gari, yaani diski. Nikanunua diski za bei poa zenye matundu, zinang'aa balaa, nikapaka na kalipa rangi nyekundu, pedi, zile zinazobanwa kwenye diski, nikaacha zilezile za barabarani na fluidi, yaani mafuta ya breki yanayosukuma pistoni, sikuigusa kabisa, hata sikumbuki ilikuwa imebadilishwa lini.

Sasa ile saketi (njia ya mbio) fupi ya Brands Hatch, wanaiita Indy, ina kama kilomita 1.9 tu. Ukisikia hivo unaidharau, ila ufupi wake ndo mateso ya breki, maana unafika Paddock Hill unakanyaga, unadondoka bondeni, unapanda kilima unakanyaga tena Druids ambayo ni kona inayokurudisha ulikotoka, unashuka unakanyaga tena, na kwa gari kama yangu raundi nzima inaisha kwenye dakika moja hivi kwa hiyo breki hazipati muda wa kupumua. Raundi ya sita nikaona pedeli inaenda chini kuliko kawaida nikajifanya sijaona. Ya saba, naingia Druids, nikakanyaga ikazama karibu na sakafu na gari inaenda tu. Nikapampu mara mbili tatu ikashika kidogo, na bahati yangu ile kona unaifikia unapanda, kilima ndo kilinisimamisha, sio mimi. Nikarudi nimelowa jasho na ilikuwa baridi kweli siku ile.

Mzee mmoja mwalimu wa udereva pale akaja, zile diski zangu hata hakuzitazama, akauliza tu fluidi umebadilisha lini. Nikakaa kimya.

Kama umekulia Tanzania hili jambo unalijua tayari ila hujalihusisha tu. Mlima Kitonga pale. Dereva mzoefu wa lori anashuka na gia nzito toka juu, yule mgeni anashuka kwa breki tupu, akifika katikati magurudumu yanatoa moshi na harufu ile ya kuungua, na baada ya hapo ni maombi. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi, na joto lisipopata pa kwenda linakugeukia. Tena spidi ikiongezeka joto haliongezeki kidogokidogo, spidi mara mbili ni joto mara nne. Kupunguza toka 160 mpaka 60 kunatengeneza joto zaidi ya mara mbili ya kusimama kabisa toka 100, af we unafanya hivo kila raundi, dakika kumi na tano mfululizo.

Kitu cha kwanza jifunze kusikiliza mguu wako. Pedeli ikiwa laini, inazama, ukipampu inarudi, hiyo ni fluidi imechemka, kuna mvuke ndani ya paipu na mvuke unabonyea. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe, iko juu palepale lakini gari haisimami, hiyo ni pedi zimezidiwa na joto. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti, na nimeona watu wananunua kalipa kubwa za bei mbaya kutibu fluidi ya miaka minne.

Fluidi basi. DOT 4, hilo ni daraja la fluidi linaloandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni digrii 230, ila inanyonya unyevu wa hewani taratibu, na ikishakula maji kama asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 155. Kwa mjini hutajua. Kwenye saketi utajua raundi ya saba kama mimi. Sa hivi natumia Motul RBF 600 ambayo inavuka 300 ikiwa mpya, naibadilisha kila mwaka kabla ya msimu na natoa upepo kwenye breki kila nikishatoka mara moja au mbili. DOT 5 usidanganyike na namba ukadhani ni kaka yake DOT 4, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, iache (5.1 haina shida, ni jamii ya 4). Na kwa walio nyumbani, ile chupa ya nusu inayokaa wazi kwenye shelfu la fundi, mwambie asante, nunua yako iliyofungwa.

Pedi ndo zinakuja za pili na hapa ndo pana utamu. Pedi za kawaida zinashika vizuri zikiwa baridi, zikipata moto sana zinateleza. Pedi za mashindano kinyume chake, zikiwa baridi ni kama umefunga mbao, na hilo nimelijaribu kwa ujinga wangu, niliziacha kwenye gari Jumatatu nikaenda nazo kazini, asubuhi ya barafu, raundabauti ya kwanza nikakanyaga gari ikafikiria kwanza. Pia zinapiga kelele kama treni na vumbi lake linang'ang'ania rimu. Kama gari ni moja, ya kazini na ya saketi, tafuta za katikati, mi nimetulia na Ferodo DS2500 na kwa uzito wa gari yangu na udereva wangu zinatosha kabisa. Ukiwa na Mazda MX-5 ambayo ni nyepesi unaweza kutosheka na kitu cha chini ya hapo, ukiwa na gari ya tani moja na nusu kwenda juu yenye nguvu, hizo zitakuwa mwanzo tu. Usiweke pedi kali nyuma af mbele ukaacha za kawaida, matairi ya nyuma yatajifunga mapema na utazunguka kama pia. Na usiende saketi na pedi zilizobaki nusu, pedi nene ndo inayozuia joto lisifike kwenye pistoni na kwenye fluidi.

Diski ndo za mwisho, na ushauri wangu unaboa: nunua diski nzima zisizo na matundu, zenye nafasi ya hewa katikati, za kampuni inayoeleweka. Diski ni kama tenki la joto, chuma kingi ndo usalama wako, na kila tundu ni chuma kilichotolewa na ni mahali nyufa zinapoanzia. Zile zangu za kung'aa zilifanya siku tatu za saketi tu, nikakuta vijistari toka tundu moja mpaka lingine. Zenye mifereji sina ugomvi nazo, zinafuta gesi na takataka kwenye pedi, ila zinakula pedi haraka kidogo. Angalia pia mapezi ya ndani kama yamepinda, hizo zina kulia na kushoto, na sio mafundi wote wanalijua hilo. Diski za kaboni seramiki kama gari yako ilikuja nazo, wapo wanaozivua na kufunga za chuma siku ya saketi kwa sababu bei ya kununua nyingine inaumiza.

Ukishafunga pedi mpya na diski mpya usiende kukimbiza hapohapo. Tafuta barabara tupu, punguza spidi kwa nguvu mara nane kumi bila kusimama kabisa, zidi kuongeza taratibu, af endesha bila breki mpaka zipoe. Ile hali ya usukani kutetemeka ukikanyaga, watu wanasema diski imepinda, mara nyingi haijapinda, ni mabaki ya pedi yameshika sehemu moja zaidi ya nyingine kwa sababu mtu alisimama ameng'ang'ania pedeli diski ikiwa ya moto. Kwa hiyo raundi ya mwisho nenda polepole, ukipaki usivute hendibreki, weka gia, tafuta jiwe uzuie tairi, na baada ya dakika moja hivi isukume gari nusu mita mbele.