Anaeleza vizuri kwa mdomo, ripoti zake hazisomeki: kabla hajapelekwa kwenye vipimo

Mkuu, umeuliza kuhusu fundi wako: kazi ya mikono safi, ila ripoti zake hazieleweki, maagizo anasahau, na sasa utumishi wanataka apimwe disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uhaba wa akili, ndipo waamue kama abaki. Nimesimamia mafundi na watunza stoo kwa muda mrefu, na watu wa namna hii nimefanya nao kazi. Nakuomba usikubali kipimo kigeuzwe rungu la kumfukuzia.

Anza na kazi yenyewe. Kaa naye faragha, umuulize anakwama wapi hasa: kusoma, kuandika, kunakili namba, au kushika maagizo matano yaliyotolewa kwa mpigo? Kisha akueleze kwa mdomo ile ripoti iliyoharibika. Fundi wangu mmoja alieleza hitilafu ya pampu hadi mhandisi akakosa la kuongeza. Karatasini alikuwa na mistari miwili, herufi zimerukaruka. Pengo hilo ndilo la kulifuatilia. Wala si jambo geni: mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake alisema angewapita wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu.

Macho na masikio yapimwe kwanza. Uchovu, msongo wa mawazo na kufanya kazi kwa lugha ngeni huleta dalili zinazofanana. Mwanasaikolojia wa elimu atauliza historia tangu shule ya msingi, na ya ukoo pia, maana disleksia hupita kwenye familia. Atamsomesha maneno ya kubuni yasiyo na maana, ili asipate nafasi ya kukisia, na atamtajia namba azirudie kinyumenyume.

Majibu ni ya mhusika. Utumishi wapewe mapendekezo, tena kwa idhini yake. Ripoti inayoishia kutaja jina la tatizo haitoshi. Idai ieleze kazi ipi ibadilishwe, na vipi.

Kwangu, kumwongezea mtu muda peke yake hakukusaidia sana. Kilichosaidia ni maagizo kwa ujumbe wa sauti ili ayarudie, fomu ya kuweka tiki badala ya kuandika aya, simu inayogeuza sauti kuwa maandishi, na namba za vipuri kugawanywa tatu tatu. Kumsomesha mbele ya wenzake kikaoni, acha kabisa! Watu wazima hawa wamebeba aibu tangu darasani; wengine husingizia miwani kila wanapopewa karatasi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, unahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mwenye ulemavu marekebisho yanayofaa, yasiyomlemea mwajiri kupita kiasi. Utumishi waangalie sheria yenu inasemaje kabla ya kuandika barua yoyote.

Jaribu mabadiliko hayo kwa miezi michache, kisha weka ripoti zake mpya kando ya zile za zamani. Hizo ndizo uende nazo kwa utumishi.