Barua za Wasomaji: Mkono wa Baba, Kifua cha Mlimani na Mkanda wa Mgongo

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: tumepewa tarehe ya kurudi kliniki mwezi ujao, hapa katikati tufanye nini? Nafurahi mnauliza hivyo. Mimi hukaa na mgonjwa nusu saa, saa zilizobaki anazo mkewe, mwanawe, mjukuu wake. Sehemu kubwa ya mazoezi tiba hufanyika mkekani nyumbani, kwa hiyo najibu kwa vitu vilivyomo nyumbani. Mlionitumia picha za eksirei kwa simu mnisamehe. Goti siwezi kulipima kwa WhatsApp.

*Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 61, ni fundi seremala. Mwezi wa Machi alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Sasa mguu umeanza kurudi, anatembea akishika ukuta. Mkono ndio shida. Vidole vimekunjika, na bega linamuuma usiku hadi analia. Jioni ami zangu humchua kwa mafuta ya nyonyo na kumnyoosha, na tumempa mpira wa kuminya. Shangazi anatulaumu kwamba tungemsimamisha siku ile ile ya kwanza angekuwa mzima. Je, tumechelewa? — Binti wa Muheza*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Hamjachelewa. Ni kweli miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo mwili hurudi kwa kasi zaidi, lakini kupungua kasi si kusimama. Na shangazi mwambieni, kwa adabu, kwamba jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kiharusi: wale walioinuliwa kitandani mapema sana na kufanyishwa mazoezi mengi tangu saa 24 za kwanza hawakupona vizuri zaidi. Waliofikia kujitegemea walikuwa wachache kidogo kuliko wale waliokwenda polepole. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Mimi nina swali jingine. Asubuhi nani humwinua baba, na humshika wapi? Hukuniandikia, lakini nikisikia bega la mtu wa kiharusi linauma usiku, hilo ndilo ninaloanza nalo. Kichwa cha mfupa wa mkono hakikukaa ndani kabisa ya shimo lake kama kile cha nyonga. Kimeegeshwa kwenye kibakuli kifupi, na kinachokishikilia hasa ni misuli. Misuli ikilegea, mkono wenye kilo tatu hivi hukivuta chini mchana kutwa. Ndipo anakuja mtu mwenye huruma, anamshika kwapani au kiganjani, anamvuta asimame. Kila asubuhi. Pitisha kidole taratibu chini ya ncha ya bega la baba. Ukikuta pengo ambalo bega la kushoto halina, basi umekwisha kujua tatizo lilipo.

Fanyeni hivi. Akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Mfungeni kanga kiunoni, ikaze. Ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, na hapo makalio yatanyanyuka yenyewe. Wewe simama upande wake wa kulia ushike kanga, kwapa liache. Akilala chali, wekeni mto mdogo chini ya bega na mkono wote. Akilalia upande wa kushoto, mkono wa kulia ukae mbele yake juu ya mto. Akikaa barazani, mkono uwe mezani au juu ya mto mapajani, usining'inie.

Ami zako waendelee kumchua, kwa upole. Mafuta ya nyonyo hayana ubaya, na mgonjwa anayeshikwa na nduguze kila jioni anapata faida nisiyoweza kuiandika kwenye faili. Kunyoosha ndiko kukome: mkono usivutwe, wala usipandishwe kupita usawa wa bega na mtu ambaye hajafundishwa. Chupa ya maji moto nayo marufuku upande ule. Ngozi isiyosikia huungua mwenyewe akiwa anapiga soga, na malengelenge ya namna hiyo nimeyaona mengi.

Sasa mpira. Mpira huu naukuta karibu kila nyumba ninayoingia, sijui nani aliuanzisha. Mkono wa baba tayari unajua kufumba, tena unafumba kupita kiasi. Unachokosa ni kufumbua. Wapeni wajukuu wakaucheze uwanjani.

Dawa yake baba ipo karakana. Tafuta kibao cha kushikika, kizungushie msasa laini, weka ubao mzima mezani. Kiganja cha kulia kikae juu ya kibao, cha kushoto kikilalie kwa juu, apige msasa mbele na nyuma hadi kiwiko kinyooke. Afanye asubuhi, afanye jioni, akichoka apumzike, bega likiuma apunguze umbali. Ubongo hujifunza upya kwa kitendo ambacho mtu anakijua na anakitaka, na kwa kukirudia mara nyingi sana. Nikisema nyingi nina maana mamia kwa siku. Mara kumi za kumridhisha mgeni hazitoshi. Mikono ya seremala inaikumbuka kazi hiyo kuliko zoezi lolote nitakalomchorea mimi.

Ongezeni na kioo. Kisimamisheni mezani katikati ya mikono miwili, uso wa kioo uelekee mkono wa kushoto, wa kulia ujifiche nyuma. Baba atazame kioo huku akifumba na kufumbua mkono mzima, akijaribu kufanya hivyo hivyo na ule uliofichwa. Macho yataona mkono wa kulia unafanya kazi. Njia hii ilianza miaka ya 1990 na mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran huko Marekani, kwa watu waliokatwa mkono ambao bado walisikia mkono usiokuwepo ukiuma. Baadaye ikaonekana inasaidia na mikono ya kiharusi. Dakika ishirini hivi kwa siku. Akicheka kwamba ni mazingaombwe, mwache acheke.

Mawili ya mwisho. Dawa za presha asiache hata akijisikia mzima, maana kiharusi cha pili hukuta mwili umeshachoka. Na kama analia hata pale bega haliumi, mwambieni daktari. Huzuni baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa na ina tiba yake.

*Shikamoo. Nilimaliza dozi ya TB ya miezi sita mwaka jana. Makohozi yamepimwa tena, hayana vimelea. Lakini kila asubuhi nakohoa robo kikombe, na nikipanda mlima kurudi nyumbani nasimama mara kwa mara kama mzee, nami nina miaka 34. Watu wananikwepa kwenye gari. — Mkulima wa Bumbuli*

Marahaba kaka. Umefanya vyema kupima tena kabla ya kuniandikia, wengi huruka hatua hiyo. Majibu hayo yahifadhi, na ukitaka mwoneshe anayekukwepa.

Dawa imeua vimelea, haikufuta makovu. Mara nyingi TB huacha njia za hewa zimetanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo usiku, na asubuhi yanadai kutoka. Ukikohoa kwa nguvu tu unachoka, na mengi yanabaki. Jaribu mpangilio huu ukiwa umekaa. Pumua kawaida, taratibu, mabega yametulia. Kisha vuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kila moja uishike kidogo kabla ya kuiachia. Rudi kwenye kupumua kawaida. Halafu fungua kinywa na utoe pumzi kwa mkupuo, haa!, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Ukiyasikia makohozi yamefika juu, ndipo ukohoe. Rudia mzunguko mpaka kifua kikauke, na pumzika ukisikia kizunguzungu.

Kuna na chupa. Chukua chupa safi ya plastiki yenye shingo pana, tia maji kimo cha sentimita 10, ingiza mpira mwembamba wa kupitishia maji, tundu lake karibu sentimita moja, ncha ifike karibu na kitako. Mdomo wa chupa usizibwe, hewa lazima ipate pa kutokea. Vuta pumzi kwa pua, ipulize mpirani polepole maji yatokote kwa muda mrefu, mara kumi hivi, kisha ufanye ule mkupuo. Maji yabadilishe kila siku na mpira uuoshe kwa sabuni, la sivyo unajipulizia uchafu. Mara ya kwanza fanya mbele ya mtaalamu wa hospitali ya wilaya akuone. Ukiona damu, chupa weka chini uende hospitali. Homa za jioni, jasho la usiku au kukonda vikirudi, nenda pia, usisubiri tarehe.

Mlima usiukimbie. Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwachukua watu waliobaki na mapafu yenye makovu ya TB, wakawafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kutembea na kuimarisha misuli. Mwisho wake umbali waliomudu kutembea uliongezeka. Makovu yalikuwa pale pale. Miguu na moyo ndivyo vilivyojifunza kutumia vizuri pumzi iliyopo. Wewe una kilima bure. Vuta pumzi kwa pua hatua mbili, itoe kwa midomo iliyobanwa hatua nne. Simama kabla hujakatika, si baada. Kila wiki sogeza mbele kidogo pale unapopumzikia. Na jiko la kuni ndani ya nyumba lisilo na dirisha litakurudisha nyuma kuliko mlima.

*Habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, Segera. Mgongo unaniuma mwaka wa pili. Nimepigwa picha, nikaambiwa pingili zimesagika na diski imetokeza. Nimenunua mkanda wa mgongo kwa bei ya kutisha, nikiuvua maumivu yako pale pale. Ninunue ule mgumu zaidi? — Suka*

Usinunue, Suka. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mikanda hiyo imo kwenye orodha ya vitu ambavyo halishauri, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine. Miongoni mwa linayoshauri ni mazoezi na kuelewa tatizo lenyewe. Mazoezi hayauzwi dukani, labda ndiyo maana mwongozo huo haujakufikia.

Picha nayo isikutie hofu. Watafiti walipokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote, wenye umri wa miaka 50 sita katika kila kumi walikuwa na diski iliyotokeza. Yawezekana yako ilikuwepo kabla mgongo haujakuuma. "Kusagika" ni neno baya sana kumpa mtu halafu ukamwacha aende nalo nyumbani.

Tembea. Mwaka 2024 Lancet ilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 ambao mgongo ulikuwa umewauma, ukaacha. Waliowekewa mpango wa kutembea na kupewa mafunzo na mtaalamu wa fiziotherapia, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu ya kuwazuia kazi kurudi. Wasiowekewa, siku 112. Wewe bado unaumwa, kwa hiyo anza na dakika kumi, ufike nusu saa kwa wiki kadhaa. Kila unaposimamisha lori shuka, zunguka tela lote, inama, nyooka. Pochi toa mfuko wa nyuma kabla hujakalia usukani.

Mambo haya hayangoji gazeti: ganzi sehemu za siri na pale unapokalia tandiko, mkojo au choo kugoma au kutoka wenyewe, mguu kukosa nguvu ghafla. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mzigo haujafika. Maumivu yanayoambatana na homa na kukonda nayo yachunguzwe, TB hukaa hata kwenye uti wa mgongo.

*Asalaam aleikum. Mwanangu wa bodaboda alivunjika paja, akatiwa chuma. Mfupa tumeambiwa unaunga, goti halikunji. Jirani anasema apate vijana wawili wamkunje kwa nguvu siku moja yaishe. — Mama wa Pangani*

Waaleikum salaam dada yangu. Jirani mshukuru, vijana wabaki kwao. Goti lililokakamaa likikunjwa kwa mabavu, misuli inachanika, paja linaweza kuvunjika upya, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya msuli wenyewe. Hapo goti linakuwa gumu kuliko mwanzo.

Mwulize daktari kwanza mguu umeruhusiwa kubeba uzito kiasi gani. Kisha mwanao akae sakafuni, mguu kwenye mfuko wa nailoni ili uteleze, apitishe kanga nyuma ya kisigino aivute mwenyewe kuelekea makalio. Anapofika mwisho ahesabu hadi ishirini, aachie. Baada ya hapo aweke taulo lililokunjwa chini ya goti alikandamize kwa nguvu, kwa sababu msuli wa mbele ya paja umelala na ukibaki umelala goti litamwangusha njiani. Mara nne kwa siku, kidogo kidogo.

Kutembea tu kunahitaji goti likunje nyuzi 60 hivi, ngazi zinahitaji karibu 90, choo cha kuchuchumaa ni zaidi ya 120, na kikao cha swala kinapita hapo. Kwa sasa aswali kwenye kiti. Likivimba kwa joto, au usaha ukitoka kwenye mshono, asifanye zoezi lolote, mrudisheni wodini. Na kama wiki sita za kufanya kweli zikipita goti halijafika nyuzi 90, rudini kwa daktari wa mifupa mkiwa na picha mpya. Zipo njia za kulilegeza akiwa amepewa usingizi, na yeye ndiye wa kuamua.